Magego ya Bibi wa Vihenge

Ulimsikia kabla hujamwona. Ukipita njia ya ng'ombe nyuma ya nyumba yake, ng'ambo ya ua wa miiba ilitoka sauti kama ya mtu anayetembea juu ya changarawe, taratibu, bila haraka ya kufika. Enzi hizo za Mwingereza nilikuwa nyapara wa barabara, kwenye kipande kilichopita kijijini kwetu si mbali na Ikungi, na changarawe nilidhani naijua kuliko mtu yeyote. Mara ya kwanza niliposikia sauti ile nilisimama, nikavuta pumzi, nikakaripia ua kwamba vibarua wote waliojificha humo watoke warudi kazini. Akatoka bibi mmoja, kigae cha mtama wa kukaanga mkononi, shavu moja limejaa.

"Shikamoo, Bibi," nilisema.

"Marahaba. Vibarua wako nimewatafuna."

Ndivyo tulivyofahamiana. Tangu siku hiyo aliniita Bwana Barabara, hata mbele ya watoto wangu.

Jina lake silitaji, maana hata alipokuwa hai hatukulitumia. Tulimwita Bibi wa Vihenge, kwa kazi yake. Mtama ukishavunwa, hupigwa, hupepetwa, huanikwa uani, kisha hutiwa katika kihenge, lile ghala la fito zilizosukwa na kukandikwa udongo na samadi, na mdomo wake huzibwa. Ukiziba kabla mtama haujakauka, hupata joto humo ndani na kuota ukungu. Siku utakapokizibua, miezi ya njaa, utakuta kitu ambacho hata kuku wanakipita. Ukichelewa kuutia, mchwa na mbuzi wa jirani nao hawachelewi. Kwa hiyo alitakiwa mtu wa kusema "tayari" au "bado", na mtu huyo alikuwa yeye.

Alikuja bila kukaribishwa kiti. Aliingiza mkono mpaka katikati ya rundo, akatoa punje moja, akaitazama kama anayeisalimu, akaiweka kwenye magego, akauma mara moja tu. Ikisema "ta", ni tayari. Ikinyamaza, bado. Hakueleza. Akisema bado alikung'uta mkono na kwenda zake, na wenye nyumba waliendelea kuanika wakinung'unika. Akisema tayari alipewa konzi ya mtama uleule, akaenda kuukaanga.

Mtu angeuliza, na mimi niliuliza, kwa nini watu wazima wenye meno yao wasiume punje zao wenyewe. Nilikuja kupata jibu baadaye, kwa njia ya aibu. Mtu aliyechoka kugeuza mtama juani husikia "ta" hata mahali ambapo hakuna.

Mdomo wake ulikuwa kitu cha kutembelewa. Meno mawili ya mbele ya chini hakuwa nayo. Yaling'olewa utotoni kwa mila, kama ya watu wengi wa rika lake kwetu. Lakini nyuma, magego yalikaa yamejipanga mapana, yamesagika juu yakawa bapa kama mawe ya kusagia. Alipotafuna, msuli wa kwenye panja kando ya jicho ulipanda na kushuka chini ya kilemba chake, na watoto walisogea kuutazama. Alikuwa hanyimi mtu. Mtoto yeyote akisema, "Bibi, fungua," alifungua, akageukia jua ili aonekane vizuri, kama mtu anayeonyesha zizi lake.

Kwa wamama alikuwa mkali. Akimwona mtoto mkubwa analowekewa ugali kwenye maziwa ili usimsumbue, alisema, "Huyu mtamwozesha kwa uji?" Alitaka watoto wapewe mbegu za maboga zilizokaangwa, karanga, mahindi ya kuchoma, na ukoko wa sufuria, na wauache mdomo ufanye kazi yake. Taya la mtoto, alisema, linakua kwa kufanyishwa kazi kama mguu wa ndama. Tena alisema kitu kigumu kinaita mate, na mate ndiyo maji aliyotupa Mungu ya kuoshea humo ndani. Aliporudia hayo alimalizia kwa amri moja ambayo wakati ule sikuitilia maanani: "Na utafune huku na huku. Umepewa pande mbili."

Nisimfanye mtakatifu. Bibi huyu aliyetangaza ugumu alikuwa mpenzi wa sukari guru. Niliwahi kumkuta nyuma ya duka la Mhindi, amegeukia ukuta, akiinyonya taratibu huku macho yamefumba. Nilipomsalimia aliimeza yote kwa mkupuo, machozi yakamtoka, akaniambia ni dawa ya kifua. Mwaka mzima alikuwa na kifua. Tena aliyewaambia wengine wavumilie aliogopa maumivu kuliko mtoto. Mwiba ukimchoma alikalia jiwe na kuita nyumba tatu. Na dresa wa zahanati, mganga msaidizi aliyekuwa na koleo la kung'olea meno, Bibi alimwita fundi wa kubomoa. "Mimi nitazikwa na mdomo wangu umejaa," alisema. "Yule hataniona."

Sasa nifike kwangu, maana sehemu ya habari za bibi huyu imeandikwa usoni mwangu.

Nilikuwa nimejifunza kusoma mwenyewe, ukubwani, na mtu aliyejifunza mwenyewe ana ugonjwa wa kutoamini mpaka apime. Dresa alinipa kijitabu cha afya. Nikakisoma chote, nikarudi kumuuliza habari za vyakula vigumu. Akasema vinapasua meno; kila juma anang'oa meno yaliyopasuliwa na bisi na mifupa, kwa hiyo nile vilaini. Bibi wa Vihenge alisema kinyume chake. Mtu mwenye akili angeyapima maneno yao kwa kutazama vinywa vya watu wengine. Mimi niliamua kutumia cha kwangu. Nilipanga kwamba tangu siku ile vitu vigumu vyote vitaliwa upande wa kushoto, na vilaini vyote upande wa kulia, bila kuchanganya, kwa muda wa msimu hadi msimu.

Msomaji ajaribu mlo mmoja tu. Ugali ulienda kulia. Ukoko wa ugali huohuo ulienda kushoto. Kuku ndiye aliyenitesa, maana nyama yake ililainika lakini karibu na mfupa kuna gegedu, na ilibidi nisimamishe kila tonge na kuamua ni mali ya nani. Mke wangu alinitazama siku nyingi bila kusema. Mwishowe akaweka bakuli chini.

"Baba watoto, unakula au unapakia lori?"

"Ninachunguza."

"Chunguza upesi, kuna watu wanasubiri ukoko."

Niliendelea. Taya la kushoto likapata kazi, na kweli likakua. Liliota msuli kama wa mkono wa mhunzi. La kulia likabaki la mpiga zeze. Kutoka kushoto nilionekana mtu wa kupigana naye kwa hadhari. Kutoka kulia nilionekana mgonjwa. Bwana mkubwa wa wilaya alipopita kukagua barabara alisimama upande wangu wa kushoto, akaniamuru, mbele ya vibarua, niteme tumbaku nikiongea naye. Nikamwambia sina tumbaku. Akaniambia nisimdanganye. Ilinibidi nifungue mdomo wote, nao vibarua wakashika majembe yao kwa nguvu ili wasicheke. Bwana mkubwa akachungulia, akaingia kwenye gari lake. Kipande changu cha barabara hakikukaguliwa zaidi siku ile, na hiyo ndiyo faida pekee ninayoweza kuhesabu.

Matokeo mengine yalikuwa hivi. Upande wa kulia, mahali ugali laini na chai yenye sukari vilipolala bila kusumbuliwa, meno mawili yalitoboka. Upande wa kushoto yalikuwa safi na meupe, isipokuwa gego moja kubwa lililopata ufa kwa kijiwe kilichojificha kwenye bisi, na karibu na sikio taya likaanza kulia "kwa" kila nilipopiga miayo. Nilikwenda kutoa taarifa kwa Bibi, nikiwa nimevaa koti.

Alisikiliza yote huku akipepeta. "Ulitaka kujua nini?"

"Kama vitu vigumu vinajenga au vinabomoa."

"Na umejua?"

"Vinajenga, na vinabomoa."

"Haya ungeniuliza ningekuambia kabla hujaharibu sura."

"Lakini Bibi, wewe ulisema vinajenga tu."

"Nilisema utafune huku na huku." Aliokota kijiwe kwenye ungo, akakirusha nje ya ua. "Tena mimi hukuti jiwe kwenye mtama wangu. Mtama haujawahi kunipasua jino. Mawe ndiyo yanapasua, na kutafuna huku unahutubia." Kisha akaniangalia vizuri, kwanza shavu hili, kisha lile, akaita wajukuu waje waone.

Miaka ilipita tukiishi hivyo. Halafu, bila mtu kutangaza, sauti nyuma ya ua ilipungua. Kwanza ikawa ya polepole zaidi, kisha ya siku moja moja, kisha nikapita nisisikie kitu. Nilijiambia labda amehamia upande wa mbele wa nyumba. Mtoto wangu mdogo alirudi siku moja akilalamika kwamba amemwomba Bibi afungue mdomo, naye akafunika kwa ncha ya kanga akasema jua ni kali.

Baadaye nilikutana naye barabarani, anatoka upande wa zahanati, shavu limevimba, kanga imefunika mpaka puani.

"Shikamoo, Bibi. Umetoka wapi?"

"Nimekwenda kumsalimia dresa."

"Wewe na dresa mmeanza kusalimiana lini?"

"Leo," alisema, na kupita.

Mtu anayejidai mchunguzi angeunganisha mambo hayo. Sikuyaunganisha. Nilirudi kazini nikifikiri ni vizuri kwamba wamepatana.

Msimu huo aliendelea kuitwa, naye aliendelea kwenda. Aliingiza mkono katikati ya rundo, akatia punje mdomoni, akakaa kitambo kirefu kuliko zamani, akatoa jibu. Watu walidhani ni uzee unaomwongezea umakini. Nyumbani kwa seremala, jirani yetu wa upande wa juu mwenye watoto wengi, alisema tayari. Kihenge kikatiwa, kikazibwa. Mwaka uliofuata mvua zilikatika mapema, kila mtu akakimbilia akiba yake, na seremala alipozibua mdomo wa kihenge harufu ilitufikia mpaka kwetu. Katikati mtama ulikuwa umeshikana kuwa donge jeusi. Walikula kwa kuomba nyumba hii na ile mpaka mavuno.

Bibi hakujitetea. Alfajiri moja mke wangu alimwona akipanda kwa seremala na kikapu cha mtama wake mwenyewe kichwani, akakitua mlangoni, akarudi bila kubisha hodi. Alirudia hivyo asubuhi nyingine kadhaa, na kila mtu alijua, na hakuna aliyelitaja. Lakini mavuno madogo yalipokuja, hakuna aliyemwita. Watu waliuma punje zao. Yeye alikaa mbele ya nyumba akisikiliza mitama ya watu ikipigwa, na mtu akipita, yeye alikohoa kwanza ili aonekane ana shughuli.

Mavuno yangu mwaka huo yalikuwa haba, na yalitakiwa kutulisha sisi na mama mkwe mpaka msimu mwingine. Hapakuwa na nafasi ya kupoteza hata debe. Niliuma punje, nikasikia "ta". Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, aliyekuja kunisaidia na alitaka kurudi kwake, naye akauma, akasikia "ta" kubwa zaidi. Mke wangu akauma, hakusikia kitu.

"Nyinyi mnasikia hamu yenu," alisema. "Nenda kamwite Bibi."

"Baada ya yale ya seremala?" aliuliza shemeji.

"Nenda kamwite."

Nilimkuta amekaa na uji. Nilimsalimia, nikamweleza. Aliweka bakuli chini, akatazama mikono yake.

"Sina cha kuumia punje, Bwana Barabara. Yamekwisha yote ya nyuma. Dresa ameyamaliza. Kwa seremala niliuma kwa ufizi, nikaona haya kusema."

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja bei ya chumvi, lakini kanga ilikuwa imerudi mdomoni. Kwa kuwa sijui kunyamaza, nikasema, "Bibi, taya ninalo mimi. Unalijua, umewaonyesha hata wajukuu. Masikio unayo?"

Akanyanyuka kutafuta fimbo yake.

Tulipofika uani, habari zilikuwa zimetangulia. Watu watano sita walisimama kwenye ua wakijifanya wanapita, na seremala alikuwa miongoni mwao, mikono nyuma. Hakuwa na ukali usoni, ila alisema kwa sauti ya kusikika, "Safari hii anauma nani?"

"Mimi," nilisema.

"Mungu atusaidie," alisema mke wangu.

Bibi aliingiza mkono katikati ya rundo, akachagua punje, akanipa. Kisha akasogea karibu mpaka kilemba chake kikanigusa bega, akageuza sikio. Nikaona vidole vyake kwenye fimbo vimekaza. Akikosea hapa, mbele ya seremala, hataitwa tena na mtu. Na mimi nitawalisha watoto ukungu.

Kwa heshima ya shughuli nilichagua upande wa kushoto, ule wa bingwa, uliomtisha bwana mkubwa. Niliiweka punje juu ya gego kubwa, nikauma kwa nguvu zote za uchunguzi wangu.

"TA."

Ilisikika mpaka kwenye ua. Watu wakaitikia kwa vichwa. Shemeji alishainama na kapu, akachota la kwanza kwenda kihengeni.

"Ngojeni," alisema Bibi.

Shemeji akasimama.

"Hiyo haikuwa mtama." Hakuondoa sikio lake. "Tema."

Nilitema kiganjani. Nusu ya gego langu ililala pale, na kando yake punje ya mtama, nzima, imebonyea kidogo tu. Ulimi wangu ulikwenda kutazama pengo na kurudi na habari mbaya.

"Una upande mwingine?" aliuliza Bibi.

Nilikuwa nao, ule wa uji na chai, wenye matundu. Nikahamishia punje mpya huko, mahali palipobaki jino zima, nikauma kwa adabu. Punje haikusema kitu. Ililala chini ya jino kama ugali.

"Bado," alisema Bibi, kabla sijafungua mdomo. "Anikeni tena. Kwenye jua kali, na mgeuze."

Shemeji alirudisha kapu kwenye rundo. Seremala akavuka ua, akainama, akachukua punje yake mwenyewe kutoka katikati, akaiuma polepole huku amefumba macho.

"Bado kweli," alisema. Akafuta mkono kwenye kaptura yake. "Shikamoo, Bibi. Na mimi wangu uko juani. Utapanda lini?"

"Marahaba. Nitapanda kesho," alisema Bibi. "Utauma mwenyewe, mimi nitasikiliza. Na uoshe mdomo."

Kisha alinishika mkono, akaufungua, akachukua kipande cha gego langu kwa vidole viwili. Alikigeuza juani, akakigonga kwenye fimbo yake mara moja, akasikiliza, akanirudishia kiganjani.

"Hili limekauka, Bwana Barabara. Hili unaweza kulitia kihengeni leo."